Fungu la Hasara

Cheti chenyewe ni kizuri, hilo sina budi kulisema mapema. Karatasi nzito ya rangi ya maziwa, nakshi za kijani pembeni kama za noti, muhuri mwekundu wa duara, na chini kabisa sahihi mbili za wino wa bluu zenye mikia mirefu. Katikati, kwa herufi kubwa, limeandikwa jina la baba yangu mdogo, na chini ya jina idadi ya hisa zake: 22,000. Alizinunua kwa shilingi 500 kila moja. Cheti alikipeleka mwenyewe kwenye kibanda cha fotokopi pale stendi ya Muheza kikawekewa plastiki kisije kikalowa, na hadi leo anakitunza ndani ya bahasha ya kaki pamoja na hati ya kiwanja, cheti cha ndoa na barua yake ya kwanza ya kuajiriwa ualimu.

Kampuni iliyokitoa haipo tena. Pengine haikuwahi kuwa zaidi ya chumba kimoja cha kupanga, kompyuta mbili na bango lenye picha ya maparachichi. Simu hazipatikani. Grupu la WhatsApp, ambalo kila alfajiri lilikuwa likifunguliwa kwa dua, lilifungwa usiku mmoja wa Jumapili bila kwaheri.

Karibu kila ninayemsimulia habari hii hunijibu kwa neno moja: tamaa. Wengine hulisema kwa huruma, wengine kwa kejeli, lakini neno ni hilo hilo. Tamaa mbele, mauti nyuma. Nami nakiri ndilo lililonijia siku niliposikia kwamba shilingi milioni 11 za kiinua mgongo zimeyeyuka. Miaka imepita, na kila nikilitazama upya neno hilo naliona kama kanzu ya mtu mwingine. Halimkai mzee wangu.

Huyu ni mtu aliyefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, akajenga nyumba yake kwa kuongeza kozi mbili tatu za matofali kila likizo, na ambaye akirudishiwa chenji iliyozidi hurudi dukani hata kama mvua inanyesha. Alichotaka uzeeni kilikuwa kidogo. Hakutaka kuwa mzee wa kuwapigia wanawe simu kila mwisho wa mwezi kuomba hela ya dawa za presha. Na aliyemletea habari za hisa hakuwa tapeli wa mjini mwenye miwani myeusi. Alikuwa mwanafunzi wake.

Kijana huyo, mtu mzima sasa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja jioni, akavua viatu mlangoni, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akauliza afya, akauliza magoti, akauliza mihogo imeendaje mwaka huu. Hisa zilikuja baada ya chai. Kuna kampuni, akasema, inalima parachichi Nyanda za Juu Kusini na inajenga kiwanda cha kukamua mafuta yake. Mwakani itaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa sasa inauza hisa kwa watu wachache wanaoaminika, kabla umma haujajua, kwa shilingi 500. Zikifika sokoni zitaanzia 2,000. Na wakati wa kungoja mtu hakai bure, kila mwezi analipwa gawio la asilimia 10. Dirisha linafungwa Ijumaa. Yeye mwenyewe ameshaweka milioni sita na gawio la kwanza limeingia. Akatoa simu, akamwonyesha Mwalimu ujumbe wa muamala.

Kijana hakudanganya. Aliweka kweli, alilipwa kweli, na milioni zake sita zilikuja kuzama pamoja na za mwalimu wake. Waliobuni mpango ule hawakutia mguu Muheza hata siku moja, wala hawakuwa na haja. "Shikamoo, Mwalimu" iliwafanyia kazi yote.

Mwalimu alianza na milioni nne. Mwezi ulipotimia simu ikatetemeka juu ya meza: shilingi 400,000 zimepokelewa. Aliusoma ujumbe ule kwa sauti, mara mbili. Wiki iliyofuata akaongeza milioni saba.

Mama mdogo, ambaye hukaanga vitumbua asubuhi na kuviuza barazani, aliuliza swali moja tu. Nilisimuliwa na yeye mwenyewe, akiwa ameshika upawa. "Nikamwambia, hicho kiwanda si umesema bado wanajenga? Sasa hiyo faida wanakaanga nini mpaka ipatikane? Mimi nisipokaanga sipati hata mia. Na siku mafuta yakipanda nakaanga na bado sipati." Mwalimu alimjibu kwamba mambo ya hisa si mambo ya vitumbua.

Kwa maoni yangu mambo ya hisa ni mambo ya vitumbua hasa. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ni fungu, sehemu ya kitu kilichogawanywa. Watu wa pwani hawakuhitaji soko la hisa kulijua jambo hilo. Nenda Pangani asubuhi vyombo vinapoingia. Samaki wakishanadiwa, kwanza hutolewa gharama: mafuta ya mashine, barafu, chakula cha safari. Kinachobaki hupigwa mafungu, la chombo, la nyavu, la nahodha, la mabaharia, kila mahali kwa desturi yake. Bahari ikinuna, mafungu yote yanakuwa hewa, na pengine deni la mafuta linabaki juu ya vichwa vyao. Hakuna baharia anayeweza kumwambia nahodha, nipe fungu langu kamili kila siku, upate usipate. Ataambiwa akatafute mshahara.

Anayenunua hisa anaingia chomboni. Kampuni ikipata, na wakurugenzi na wanahisa wakikubaliana kugawa, atapata gawio, kwa kawaida mara moja au mbili kwa mwaka baada ya hesabu kufungwa. Isipopata, hapati, na bei ya hisa yake yaweza kushuka akiwa ameikodolea macho. Hasara ni sehemu ya kitu alichonunua. Kwa hiyo mtu anapokuletea hisa ambayo malipo yake yamehakikishwa, kila mwezi, kwa kiwango kile kile, amekuletea kitu kingine na kukipa jina la hisa. Yaweza kuwa mkopo. Mara nyingi ni uongo.

Hisa za kweli zimekwisha kutuonyesha hali yake. Safaricom ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2008, Wakenya walizigombania kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, na wapo waliokopa ili wasikose. Mwaka uliofuata ilikuwa chini ya shilingi 3. Waliouza kwa hofu walipoteza. Waliokaa miaka kumi na zaidi waliiona ikivuka 40. Kwetu Tanzania, Vodacom ilipouza mwaka 2017 kwa shilingi 850, wengi walidhani wataamka matajiri. Bei ikashuka chini ya hapo, ikakaa huko muda mrefu, na gumzo la vijiweni likawa kwamba tumeibiwa. Hatukuwa tumeibiwa. Tulikuwa tumeonja fungu letu.

Halafu kuna ile hesabu ambayo mwalimu wa shule ya msingi angeweza kuifanya ubaoni kwa chaki, lau kama angepewa na mtu mwingine. Asilimia 10 kwa mwezi, ukiiacha ijizalie yenyewe, inaongeza fedha mara mbili kabla miezi minane haijakwisha. Kwa mwaka ni zaidi ya mara tatu. Milioni nne, baada ya miaka mitano, zingekuwa zaidi ya bilioni 1.2. Serikali yenyewe ilipotoa hati fungani ya miaka 25 mwaka 2021, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka mzima, na mabenki yakaikimbilia. Kampuni yenye uwezo wa kuzalisha asilimia 10 kila mwezi haina sababu ya kuhangaika kumtafuta mstaafu wa Muheza. Ingekopa benki asubuhi, ikalipa jioni, na parachichi zake ikazila yenyewe. Zile laki nne zilizomfurahisha Mwalimu zilikatwa kwenye milioni zake nne, au za kijana wake, au za mtu wa Singida ambaye hatutamjua. Alirudishiwa kipande cha mkate wake akashukuru kama mgeni.

Lakini nisije nikamfundisha mtu kuogopa viwango vikubwa tu, maana wapo wezi wenye adabu ya tarakimu. Bernard Madoff wa New York, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la NASDAQ, hakuahidi maajabu. Wateja wake walionyeshwa faida ya wastani, asilimia kumi au zaidi kidogo kwa mwaka, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulikubali. Ajabu yake ilikuwa mahali pengine: masoko yakipanda faida ilikuja, yakianguka faida ilikuja, mwaka baada ya mwaka, laini kama mchanga wa ufukweni maji yakitoka. Mchambuzi mmoja, Harry Markopolos, aliipelekea mamlaka ya masoko ya Marekani maonyo kwa miaka kadhaa kwamba hesabu zile haziwezekani, asisikilizwe. Madoff alikamatwa Desemba 2008 na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 150. Wengi wa waliopotelewa walikuwa Wayahudi wenzake, watu wa klabu zake, taasisi za hisani zilizomjua kwa jina. Nilipoisoma habari ile niliona vitumbua vya mama mdogo. Hapakuwa na siku ambayo mafuta yalipanda.

Upande wa sheria nitaupitia haraka, ingawa laiti ungepitiwa haraka Ijumaa ile. Kwenye grupu lao waliweka picha ya cheti cha usajili kutoka BRELA, na inawezekana kilikuwa halali. Usajili wa kampuni ni kama cheti cha kuzaliwa: unathibitisha kwamba mtoto yupo, hauthibitishi kwamba anajua kuendesha gari. Leseni ya kuuza hisa kwa umma iko kwingine, kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na orodha ya wenye leseni haifichwi. Tena sheria yetu ya makampuni ya mwaka 2002 inasema kampuni binafsi isizidi wanachama 50, bila kuhesabu wafanyakazi wake, na isialike umma kununua hisa zake. Grupu la Mwalimu lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na walikuwa na magrupu mengine. Kampuni inayokwenda kwa umma kihalali hutoa waraka wa matarajio, na ndani yake kuna sehemu nzima inayoeleza njia zote ambazo fedha yako inaweza kupotea. Mimi huanza kusoma hapo. Na hisa unazinunua kupitia dalali mwenye leseni, zinaingia kwenye akaunti iliyo kwa jina lako katika hifadhi ya soko, ile wanayoiita CDS. Fedha za Mwalimu zilitumwa kwenye namba ya simu iliyotokea jina la mwanamke. "Huyo ni mhasibu wetu," wakamwandikia.

Yote hayo angeweza kuyauliza. Ndipo ninaposimama kila mara. Kwa nini hakuuliza?

Nilimwuliza mwenyewe, jioni moja, tukimenya machungwa. Alikaa kimya kidogo, akaukata ule uzi mrefu wa ganda ukaanguka chini. "Ningemwuliza nini? Nimwambie nionyeshe leseni? Mtoto niliyemfundisha kusoma?" Akaniangalia kama aliyenishangaa. "Ingekuwa kama namwambia mimi simwamini. Na kama simwamini yeye, basi kazi yangu yote ile ilikuwa nini?"

Hapo ndipo neno tamaa liliponiponyoka kabisa. Kilichomfunga mdomo kilikuwa adabu. Ni ile staha yetu ya kutomkunjia uso mgeni, ya kutodai risiti kwa ndugu, ya kusema "kati yangu na wewe hakuna haja ya maandishi." Tunaisema kauli hiyo kama heshima. Wezi wanaijua kuliko sisi, na ndiyo maana hawatumi watu wasiojulikana. Wanatuma shemeji, mzee wa kanisa, imamu wa msikiti wa jirani, mwanafunzi wa zamani. Hawahitaji kutengeneza uaminifu, kazi inayochukua miaka. Wanakodi ule uliokwisha kujengwa, na kodi wanailipa kwa miezi miwili mitatu tu, kwa gawio.

Lakini je, ni kweli kwamba desturi yetu inakataza kuuliza? Mimi naona tumeisahau nusu yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii pepo wala moto. Inazungumzia deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Na walioambiwa hivyo ni waumini, watu wa msikiti mmoja, ambao mtu angesema hawana haja ya maandishi. Baba mdogo ameisoma aya hiyo mara nyingi kuliko mimi. Ndoa zetu zina mashahidi, posa huenda na mshenga, na kina mama wa upatu wana daftari lenye zamu za kila mmoja, na hakuna anayekasirika likifunguliwa. Kuuliza mbele ya watu, tena kwa upole, kulikuwa sehemu ya kuheshimiana.

Na neno hilo upatu linanisikitisha kidogo. Lilikuwa la kina mama: watu kumi, elfu ishirini ishirini, leo wewe kesho yule, kila mtu anamjua kila mtu na hakuna anayepata zaidi ya alichoweka. Siku hizi ukilisikia mahakamani lina maana ya mchezo wa kuwalipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho. DECI ndiyo iliyotufundisha matumizi hayo kwa kishindo. Hapo watu hawakununua hata hisa. Walipanda mbegu na kungoja kuvuna, lugha ya mimbarini, na viongozi wake walikuwa wachungaji. Mwaka 2009 serikali iliusimamisha mpango ule, na foleni za watu nje ya ofisi zake zikawa picha ya mwaka. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Ninakumbuka kwamba wakati unasimamishwa, waliopiga kelele zaidi walikuwa wanachama wenyewe, wakiilaumu serikali kwa kuwazuia wasivune. Aliyekwisha kulipwa mara moja ni shahidi mwenye nguvu, na hawezi kukubali kirahisi kwamba alicholipwa ni shamba la jirani yake.

Kumwita aliyepotelewa mtu wa tamaa kuna madhara mengine, na haya ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Neno hilo humfunga mdomo mara ya pili. Mwalimu hakwenda polisi. Hakuwaambia wanawe kwa miezi minne. Mimi nilijua kwa sababu mama mdogo alinipigia kuuliza kama naweza kulipia bati za jiko. Msikitini wapo wengine watatu, au watano, walioingia mpango ule ule, na kila mmoja anadhani mwenzake hajui. Aibu yao imekuwa pazia, na nyuma ya pazia hilo wenye mpango wanahama wilaya wakiwa na bango jipya. Safari hii huenda ni dhahabu, au korosho.

Tena pazia hilo lina mlango wa nyuma. Mwaka mmoja baadaye Mwalimu alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kwa sauti ya kiofisi, akalitaja jina lake kamili na idadi ya hisa zake, 22,000, bila kukosea. Alisema fedha za wanahisa zimepatikana, zimezuiliwa, na zitarejeshwa akishalipia ada ya kufungua jalada, shilingi 350,000. Nani mwingine angekuwa na orodha ile ila walioiandika? Lakini mtu aliyenyamaza mwaka mzima, anayetamani siku moja aamke aone jambo lile halikutokea, ndiye mnunuzi bora wa matumaini hayo. Safari hii aliniambia kabla ya kutuma. Sijui kama ni kwa sababu tulikuwa tumemenya machungwa pamoja. Napenda kuamini hivyo.

Mwanafunzi wake bado huja. Idi iliyopita alileta sukari kilo mbili na kanga ya mama, akavua viatu mlangoni, shikamoo, marahaba. Hawazungumzi habari ya hisa. Wanazungumza mihogo.

Nilikuwepo mwezi uliopita alipokuja kijana mwingine, mgeni kabisa, fulana yenye nembo, begi mgongoni, anaandikisha watu katika mradi wa ufugaji. Alikaribishwa vizuri. Mama mdogo akamwekea vitumbua vinne kwenye sahani na chai ya tangawizi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, kama anavyowasikiliza watoto wakisoma kwa sauti. Kisha akasema, kwa upole ule ule wa darasani, "Nimekuelewa, mwanangu. Sasa nionyeshe kwenye makaratasi yako mahali palipoandikwa kwamba naweza kupata hasara."

Kijana alicheka, akadhani ni utani wa wazee. Alipoona hakuna anayecheka naye, akakirudisha kitumbua kwenye sahani, akafuta vidole, akafungua begi na kuanza kutafuta.